Kumchana mbwa kila siku: tunapunguza manyoya kupukutika, au tunayahamisha tu kutoka sakafuni kwenda kwenye brashi?

#1 Mkazi wa Goba (mleta uzi)

Habari za jioni, wakuu.

Ninafuga German Shepherd wawili, dume na jike, na kila nikienda kununua vifaa vyao muuzaji hunihakikishia kwamba mbwa akichanwa kila siku manyoya yake yataacha kupukutika. Sikubaliani na kauli hiyo, na ninaileta hapa ijadiliwe na watu wanaofuga kwa mikono yao wenyewe. Unyoya unaotoka kwenye brashi ni unyoya uliokwisha kufa. Ulikuwa umeachia shina lake kabla brashi haijaugusa, na ungeanguka tu, kama si leo basi kesho, iwe juu ya zulia, kwenye kochi au kwenye sare za shule za watoto. Brashi haizuii kitu hapo. Inauwahi tu kabla haujafika sakafuni. Kinachozuiwa kwa hakika na brashi ni manyoya kusokotana, na hilo ni jambo jingine kabisa ambalo wauzaji wanalichanganya na la kwanza.

Naomba pia msaada katika jambo la pili. Maandishi mengi kuhusu mbwa hawa, ambao uzao wao ulianza kusajiliwa Ujerumani mwaka 1899, yanasema hupukutisha kwa wingi mara mbili kwa mwaka, baridi inapoisha na inapokaribia kurudi. Wa kwangu wanapukutisha Januari, wanapukutisha Juni, wanapukutisha mvua ikinyesha na jua likiwaka. Kulikoni hapa Dar?

#2 Mama Wawili

Mkuu, nusu ya maneno yako ni kweli, na nusu nyingine inategemea mbwa uliye naye. Mimi nipo Kinyerezi na ninafuga Maltese, ambaye manyoya yake hayaanguki ovyo bali yanaendelea kurefuka, na ule unyoya uliokufa hunaswa ndani ya wenzake walio hai. Hapo ndipo fundo linapozaliwa. Kwa hiyo mambo mawili unayoyatenganisha, kwangu ni jambo moja: fundo ni manyoya yaliyopukutika yakakosa njia ya kutokea. Nikimwacha siku chache tu bila kumchana, ninaanza kuyahisi kwa vidole nyuma ya masikio, kwapani, kwenye mapaja kwa ndani na mahali kola inapokaa. Kwa macho huoni kitu, kwa sababu juu manyoya yamelala vizuri na yanang'aa.

Anayetaka kujua kama amechana kweli apitishe chanuo la chuma baada ya brashi. Likitoka kwenye ngozi hadi nchani bila kukwama, kazi imekwisha. Likikwama, ujue brashi ilikuwa inapapasa juu juu.

#3 Mzee wa Tegeta

Nimefuga mbwa tangu Tegeta ikiwa bado ni mashamba na mikorosho, na jibu la swali la pili ni joto. Upepo wa kaskazi ukianza kuvuma, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa inakuwa nzito na mbwa wangu humwaga manyoya hadi mfagiaji analalamika. Kusi ikiingia na usiku ukapoa, mwezi wa sita na wa saba, yanapungua. Mwili unavua koti lisilohitajika. Sioni kwa nini tutafute sababu za mbali.

#4 Mwalimu wa Biolojia

Shikamoo, Mzee wa Tegeta. Kwa heshima naomba nitofautiane nawe. Kwa mbwa wenye manyoya ya tabaka mbili, yaani yale marefu magumu ya juu na yale mafupi laini ya chini, kinachoongoza majira ya kupukutisha ni urefu wa mchana kuliko joto. Macho hupokea mwanga, ubongo hupima usiku ni mrefu kiasi gani kwa kutumia homoni ya melatonini, na mashina ya manyoya hupata taarifa kutoka hapo.

Sasa tazama tulipo. Dar es Salaam ipo takribani nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mchana mfupi wa Juni haifiki hata saa moja. Berlin, mchana wa Juni unazidi saa 16 na ule wa Desemba haufiki saa 8. Mbwa ambaye damu yake imezoea ishara kubwa namna hiyo, akiletwa mahali ambapo jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, hapati amri iliyo wazi ya kuvua wala ya kuvaa. Anapukutisha kidogo kidogo bila msimu. Ongeza na taa za ulinzi zinazowaka getini usiku kucha, na hata ile tofauti ndogo iliyokuwepo inafutika.

#5 Mzee wa Tegeta

Marahaba, mwalimu. Maelezo yako ni mazuri na nimeyasoma mara mbili. Lakini ikiwa mwanga wetu haubadiliki, ni nini basi kinachoongeza manyoya yale ya Januari ninayoyaona kila mwaka? Kitu kisichobadilika hakiwezi kuleta badiliko.

#6 Binti Temeke

Mimi nina mbwa wa kienyeji, manyoya mafupi kabisa, analala nje kwenye kona ambayo taa haifiki, na bado anapukutisha mwaka mzima. Hivyo habari ya taa za ulinzi haimhusu hata kidogo. Nakubali kwamba manyoya yake mafupi yanakera kuliko marefu, kwa kuwa yanachoma kwenye kitambaa kama sindano na ufagio hauyatoi.

#7 Jikoni Kwetu

Nashangaa tumefika bandiko la saba bila mtu kuuliza mbwa hawa wanakula nini. Unyoya karibu wote ni protini, na ngozi na manyoya huchukua sehemu kubwa ya protini ambayo mbwa anaipata kila siku. Nyumba nyingi za mji huu zinawapikia walinzi wao ugali wa dona, au pumba iliyochanganywa na supu ya mifupa, wiki baada ya wiki. Mbwa wa namna hiyo hata ungemchana asubuhi na jioni, manyoya yake yatakuwa makavu, yatakatika na yatapukutika, kwa sababu yameota bila kitu cha kuyashikilia.

Mimi ninawapikia wangu dagaa wasio na chumvi nyingi, ninawaosha kwanza, na mafuta yake ya samaki yameonekana wazi kwenye ngozi yao. Ninaongeza pia mayai mabichi.

#8 Daktari wa Mifugo

Salaam kwenu. Ninafanya kazi hii hapa mjini na ningependa kurekebisha mambo machache kabla hayajazoeleka.

Jikoni Kwetu, uko sahihi kuhusu protini na mafuta ya samaki, lakini mayai uyachemshe. Ute mweupe wa yai bichi una protini iitwayo avidini inayoifunga vitamini ya biotini, na biotini ni miongoni mwa vitu ambavyo ngozi na manyoya huvihitaji. Ukimpa mbwa mayai mabichi kwa wingi na kwa muda mrefu unaweza kuharibu kilekile unachotaka kukijenga, ilhali moto huiondolea avidini nguvu yake. Kuhusu pumba, tatizo lake halikomei kwenye uhaba wa protini. Maganda ya nafaka yana kiasi kikubwa cha fitati, ambayo hushika madini ya zinki yasifyonzwe tumboni. Watoto wa mbwa wanaokua haraka kwa chakula cha nafaka tupu huweza kupata magamba kuzunguka macho, mdomo na kwenye nyayo, na mwenye mbwa akadhani ni ukurutu.

Mleta uzi, hoja yako ya msingi naiunga mkono. Kila unyoya hukua, husimama, kisha huanguka, na kila shina lina ratiba yake. Mbwa kama Poodle, manyoya yake mengi yapo kwenye hatua ya kukua, na ndiyo maana hayaanguki sana lakini yanasokotana na yanahitaji kukatwa. Mbwa kama wa kwako, mengi yapo kwenye hatua ya kusimama, tayari kuanguka. Hakuna brashi inayobadilisha ratiba hiyo.

Hata hivyo nawaomba sana mtofautishe kupukutisha na kunyonyoka. Mbwa anayepukutisha anabaki amejaa manyoya mwili mzima. Ukiona madoa yenye upara, ngozi nyekundu, kujikuna usiku, harufu, au manyoya kupungua pande zote mbili za mwili kwa kulingana huku mbwa akinenepa na kuzubaa, huo si mjadala wa brashi tena. Mwenye madoa, wekundu au kujikuna huenda ana viroboto, upele au mashilingi. Yule anayenenepa bila kujikuna apimwe tezi ya shingo.

#9 Mkazi wa Goba

Nashukuru, daktari. Jike wangu alizaa, na watoto walipoanza kuachishwa kunyonya alipukutisha kwa kiasi ambacho sijawahi kukiona, mbavu zikawa zinaonekana kupitia manyoya. Chakula kilikuwa kilekile, mwanga uleule na joto lilelile alilokuwa nalo dume, ambaye hakuwa na shida yoyote. Hilo nalo tuliweke wapi?

#10 Daktari wa Mifugo

Hilo ni jambo la kawaida kwa majike. Mimba na kunyonyesha huvuruga homoni na huchota akiba ya mwili, manyoya mengi yanaingia kwenye hatua ya kusimama kwa pamoja, kisha yanaanguka kwa pamoja wiki kadhaa baadaye. Hurudi yenyewe akilishwa vizuri. Majike wengine hupukutisha pia baada ya kila joto la uzazi, yaani kipindi cha kutaka dume, na kwa kuwa kipindi hicho huja takribani mara mbili kwa mwaka, wenye mbwa huona majira ambayo hayana uhusiano wowote na kaskazi wala kusi.

#11 Mzee wa Tegeta

Wangu ni madume watupu, daktari. Kaskazi yangu iko palepale.

#12 Kigamboni Mchangani

Mzee wetu halegezi kamba, na napenda hivyo.

Nirudi kwenye mafundo, ambayo Mama Wawili aliyagusa. Nina Golden Retriever, na nyumba yetu haiko mbali na bahari, hivyo maji ya chumvi ndiyo adui wangu. Akitoka kuogelea na kuachwa akauke mwenyewe, chumvi na mchanga hubaki kati ya manyoya, na kufikia jioni mkia na nyuma ya mapaja vimeshasokotana. Lazima nimwoshe kwa maji baridi ya bomba mara tu tukifika, nimkaushe kwa taulo kwa kukandamiza bila kusugua, kisha nimchane akiwa na unyevu kidogo tu. Kwa unyevu wa hewa ya hapa, manyoya yaliyobanana hayakauki hadi ndani, na ngozi iliyofunikwa na fundo bichi hutoa kidonda chenye majimaji ndani ya siku moja au mbili.

Adui wa pili wanamjua wale wanaoishi Goba, Madale na Kibada, ambako viwanja vingi bado havijajengwa. Baada ya masika, kishona nguo inakomaa kila mahali. Kila mbegu ina vijiti vyenye miba inayoshika, na nikimgeuza Golden wangu tumbo juu huzikuta zimejipanga kwenye manyoya ya kifuani na katikati ya vidole, na kila moja imeshazungukwa na kifundo kidogo kigumu. Ni lazima zitolewe kwa vidole, moja baada ya nyingine, siku hiyohiyo. Zikilala, kesho yake hazitoki ila kwa mkasi.

#13 Fundi Mashine

Ndugu zangu, mimi ni kinyozi Sinza na nina mbwa wawili nyumbani. Kwa nini tujitese na machanuo katika mji huu wa joto? Mnyoe mbwa kwa mashine, abaki na manyoya mafupi, apate hewa, na habari ya mafundo na ya kupukutika iishe siku moja. Wangu ninawanyoa kila yakirefuka na wanacheza kuliko zamani.

#14 Mwalimu wa Biolojia

Kwa Maltese na Poodle sina pingamizi, kwa maana manyoya yao hukua daima. Kwa German Shepherd na wenzake wa tabaka mbili ningekuwa mwangalifu. Mbwa hapoi kwa kutokwa na jasho mwili mzima kama sisi; anapoa kwa kuhema na kwa mvuke unaotoka kwenye ulimi, na jasho lake dogo lipo kwenye nyayo. Yale manyoya ya juu yanazuia jua lisifike kwenye ngozi. Ukiyaondoa unamwanika. Isitoshe, tabaka la chini hukua upesi kuliko la juu, na mara nyingine manyoya marefu hurudi kwa mabaka, au hukawia miezi mingi.

#15 Fundi Mashine

Wangu yamerudi vizuri kabisa, tena wote wawili.

#16 Binti Temeke

Wa jirani yangu, mchanganyiko wa Spitz, alinyolewa mgongo mzima, na hadi leo ana eneo juu ya mkia ambalo halijaota. Kwa hiyo katika mtaa mmoja tunaweza kupata mashahidi wa pande zote mbili.

#17 Daktari wa Mifugo

Yote mawili hutokea. Ninachowaomba ni kuhusu mkasi, kwa kuwa majeraha yake ninayaona mara kwa mara. Fundo linapokaza huivuta ngozi na kuiingiza ndani yake. Unadhani unakata manyoya kumbe unakata ngozi, hasa nyuma ya sikio na kwapani ambako ngozi ni nyembamba na inalegea. Fundo lililofika kwenye ngozi liondolewe kwa mashine, meno yake yakilala sambamba na ngozi, na uyaguse kila baada ya dakika chache kwa sababu yanapata moto na kuunguza. Fundi, mashine za saluni zenye meno membamba ya kunyolea ndevu hazifai kwa kazi hiyo. Zinang'oa.

#18 Mama Wawili

Naongezea hapo kwa daktari. Msimwogeshe mbwa mwenye mafundo mkidhani maji yatayalainisha. Fundo likilowa hubana kama kamba ya katani iliyonyeshewa, na likikauka huwezi kulifungua tena. Kwanza chana, halafu ogesha, kisha chana tena.

Namna ninavyofanya ni hii. Ninamlaza ubavu juu ya meza yenye mkeka ili asiteleze, na ninaanzia chini, kwenye mguu, nikipanda juu. Mkono wa kushoto unayazuia manyoya yaliyo juu, na ninayaachia mstari mwembamba tu, kiasi cha kuona ngozi nyeupe ya chini. Mstari huo ninaupiga brashi kuanzia kwenye ngozi kwenda nje, halafu ninaachia mwingine. Nikikuta fundo, ninabana shina lake kwa vidole karibu na ngozi ili mvuto uishie kwenye vidole vyangu badala ya kumuumiza yeye. Ninalinyunyizia wanga laini wa mahindi, ninalipasua kwa vidole katikati, kisha ninalichambua kutoka nchani kurudi ndani. Anayeanza kuvutia kwenye ngozi anamfundisha mbwa kuichukia brashi, na mbwa akishaichukia, kila siku itakuwa vita.

#19 Jikoni Kwetu

Mafuta ya nazi yanafanya kazi hiyo vizuri kuliko wanga, Mama Wawili. Matone machache kwenye fundo, unasugua, linateleza.

#20 Mama Wawili

Yanateleza, ni kweli, lakini mbwa anayatafuta kwa ulimi kutwa nzima, na vumbi la Kinyerezi linayafuata. Nikiyatumia ni lazima nimwogeshe siku hiyohiyo kwa shampuu ya mbwa. Ile yetu imetengenezwa kwa ngozi yenye asidi zaidi kuliko ya kwao, inawakausha.

#21 Binti Temeke

Maadamu tumetaja vitu vya kupaka, naomba nilisemee jambo linaloniumiza. Mtaani kwetu mbwa akianza kunyonyoka anapakwa oili chafu ya gari, na wengine humwogesha kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokadiriwa kwa macho. Nilimchukua mbwa wangu akiwa katika hali hiyo, mweusi mwili mzima, ngozi imepasuka mgongoni. Wadudu wa upele walikuwa bado wapo. Mbwa hujilamba, na kile kinachopakwa mgongoni huishia tumboni. Nilimpeleka kwa daktari, ngozi ikakwanguliwa, ikatazamwa kwenye hadubini, akapewa dawa yake, na manyoya yakarudi. Nilianza kumchana baada ya kupona, kwa glavu ya mpira tu, na hiyo inamtosha.

#22 Daktari wa Mifugo

Umefanya vema sana, Binti Temeke. Oili chafu ni sumu na haina tiba yoyote ndani yake.

Glavu ya mpira ni chaguo sahihi kwa manyoya mafupi, na ina faida ambayo haijatajwa: mkono wako unapita kila mahali. Kupe hupenda kukaa ndani ya masikio, kati ya vidole na chini ya kola, na kwa mbwa wa hapa kupe wa kahawia ndiye anayebeba vijidudu vya ugonjwa unaopunguza chembe za damu zinazogandisha, mbwa akaanza kutoka damu puani. Mwenye kumchana mbwa wake kila siku humwona kupe angali mdogo. Hata kama mleta uzi ana haki kuhusu manyoya, hiyo pekee ingetosha kunifanya nishike brashi.

#23 Jirani Mwema

Asalaam alaikum. Mimi sifugi mbwa, lakini naomba nafasi katika mjadala huu kwa kuwa manyoya mnayoyazungumzia hunifikia. Nyumba yetu imepakana na ya rafiki yangu anayefuga mbwa watatu. Wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, tunamhesabu mbwa kuwa najisi, na unyoya wake ukigusa nguo yenye unyevu, kuitoharisha ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Alipokuwa akiwachana karibu na ukuta, upepo ulikuwa unayaleta manyoya kwenye kamba yetu ya nguo, na mke wangu alikuwa akifua upya. Tulizungumza, naye akahamia upande wa pili wa nyumba, akawa anatandaza shuka kuukuu chini na kulikunja na manyoya yake ndani. Tangu hapo hatuna neno. Ningeomba kila anayemchana mbwa nje atazame kwanza upepo unaelekea wapi.

#24 Kigamboni Mchangani

Waalaikum salaam, na ahsante kwa kutukumbusha kwa upole. Mimi nilikuwa ninayaacha manyoya kwenye ua ili ndege wajengee viota, na nilidhani ninawafanyia hisani.

#25 Mwalimu wa Biolojia

Inategemea kama mbwa wako anapakwa dawa ya kupe na viroboto. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuchunguza viota vya ndege vilivyotandikwa manyoya, na walikuta dawa hizo, ikiwemo fipronili, ndani ya viota. Vile vilivyokuwa na kiasi kikubwa zaidi vilikuwa pia na mayai yasiyoanguliwa na makinda waliokufa kwa wingi zaidi. Manyoya ya mbwa aliyetibiwa yafungwe kwenye mfuko na yaende na taka.

#26 Mkazi wa Goba

Nimesoma kila bandiko, na ninawashukuru wote. Naona tuna mwanga, joto, chakula, homoni za majike na magonjwa, na kila mmoja ana mbwa anayemthibitishia. Naomba niongeze sababu ya sita, ambayo nimeiona kwa dume wangu. Kifaa ninachotumia ni kile chenye ukingo wa chuma wenye meno mafupi sana, ambacho hutoa furushi la manyoya kwa kila mkupuo, na ndicho kinachosifiwa kuliko vyote. Jana niliyatandaza juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Manyoya laini ya chini yalikuwa mazima. Lakini kati yake kulikuwa na manyoya magumu ya juu mengi ambayo yamekatika katikati, upande mmoja una ncha yake nyembamba ya asili na upande wa pili umekatwa wima. Hayo hayakuwa yamekufa. Inawezekana kabisa kwamba baadhi yetu tunaochana kila siku kwa kifaa cha namna hiyo tunaona manyoya mengi kwa sababu tunayakata sisi wenyewe.

#27 Mzee wa Tegeta

Mkazi wa Goba, basi na wewe umekubali kwamba brashi ina la kufanya na wingi wa manyoya, japokuwa ni kwa upande usiotarajiwa. Mimi kifaa hicho sikitumii, natumia brashi ya sindano na nguvu ya mkono wangu.

#28 Daktari wa Mifugo

Uchunguzi wa Mkazi wa Goba ni mzuri. Kifaa hicho kitumike mara chache, wakati tabaka la chini limelegea kweli, na kisirudie mahali pamoja. Na wewe, Mzee wa Tegeta, nguvu ya mkono uipunguze: sindano za brashi zikisugua ngozi ileile hutoa michubuko myekundu, na mbwa hujilamba hapo hadi pakawa kidonda. Ijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako mwenyewe.

#29 Fundi Mashine

Nina swali la pembeni kidogo. Nimeona picha za mbwa wa Hungaria aitwaye Puli, mwenye manyoya yaliyosokotana hadi chini, na watu wanamsifia. Kama mafundo ni mabaya kiasi hiki, kwa nini yeye anaachwa?

#30 Mama Wawili

Haachwi, Fundi. Manyoya yake ya juu na ya chini yana asili ya kujisokota pamoja kuwa kamba, na mwenye mbwa huzitenganisha kamba hizo kwa mikono hadi kwenye ngozi ili zisiungane kuwa bamba moja. Akiogeshwa huchukua muda mrefu mno kukauka. Kwa hewa yetu ya Machi, sioni angekaukaje.

#31 Jikoni Kwetu

Mimi bado nasubiri mleta uzi atujibu wale German Shepherd wanakula nini.

#32 Mkazi wa Goba

Wanakula wali na vichwa vya samaki, na mara mbili kwa wiki nyama ya utumbo. Pumba hawaijui. Kwa hiyo hoja yako haijanifikia, ila ya mwalimu kuhusu taa za getini nataka kuijaribu. Dume nitamhamishia banda la nyuma lisilo na taa, jike atabaki mbele.

#33 Mwalimu wa Biolojia

Ubadilishane nao baadaye, la sivyo hutajua kama ni taa au ni jinsia. Na wote wawili uwachane kwa brashi moja, siku zilezile, manyoya uyapime kwenye mizani ya jikoni.

#34 Mzee wa Tegeta

Na uanze kabla ya Desemba, ili kaskazi ikija ikukute unapima.

#35 Binti Temeke

Mama Wawili, kabla uzi haujazama: lile chanuo la chuma ulilosema, meno yake yawe na nafasi gani? Ninapita Kariakoo Jumamosi, na mdogo wangu ameletewa mtoto wa Poodle.

#36 Mama Wawili

Chukua lile lenye nusu mbili, upande mmoja meno yameachana na mwingine yamekaribiana. Anza na yaliyoachana, malizia na yaliyokaribiana. Ncha zake zipitishe kwenye kiganja kabla hujalipa. Zikikwaruza, lirudishe, maana kuna mengine hayakusuguliwa vizuri. Mtoto huyo aanze kuzoeshwa sasa hivi, dakika chache tu kwa siku, hata kama bado hana fundo lolote, na ashikwe nyayo na masikio kila mara ili akikua asishtuke.